Utando Wote

Katika kituo kile cha umeme walimwita Daktari wa Moshi, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Kazi yake ilikuwa kunasa hewa ya ukaa kabla haijatoka kwenye dohani. Alikuwa na karatasi laini, nyembamba kama ganda la kitunguu, zilizoloweshwa kimeng'enya kilekile ambacho mwilini huisaidia damu kubeba hewa chafu hadi mapafuni. Moshi ukipita, hewa ya ukaa hupenya upande wa pili. Mafundi walipoziita "membreni" walikiona cha mtema kuni. Kiswahili kinajitosheleza, aliwakaripia. Huu unaitwa utando.

Ukaguzi ulipokaribia, akaona buibui wamejenga kila pembe ya banda la mtambo wake. Meneja alikwisha kusema wazi kwamba wageni wakaguzi wasiporidhika, mtambo utaondolewa na Daktari mwenyewe ataufuata. Basi Daktari akawatumia wasafishaji ujumbe, kwa maringo ya mjuzi wa lugha: "Ondoeni utando wote. Msibakishe hata mmoja."

Mama Usafi hakuwa mtu wa kuambiwa mara mbili. Alizichomoa karatasi zote, akazifua kwa sabuni na maji ya moto, akazianika zikang'aa. Buibui hakuwagusa, maana hawakutajwa.

Daktari alizikuta kwenye kamba, akazirudisha mbiombio huku wageni wakishuka garini. Wapi! Mshale wa kipimo ulilala tu. Kimeng'enya hakivumilii maji ya moto, jambo alilomhubiria kila mtu isipokuwa mshika ndoo. Heri kujikwaa dole kuliko ulimi, nasi tunaye bingwa wa ulimi.

Meneja akauliza nani kafanya hivi. Mama Usafi akaanza kufungua aproni yake polepole. Kunyamaza tu kungemwokoa Daktari, naye, aibu iliyoje, alinyamaza kiasi cha kuona fundo la aproni likianza kulegea.

"Ni mimi," akasema. "Yeye katii neno langu. Niliandika utando, nikimaanisha nyumba za buibui. Nimekiua kimeng'enya kwa Kiswahili sanifu."

Mkuu wa wageni alicheka mpaka akavua miwani. Meneja hakucheka. Aliamuru mtambo ung'olewe siku hiyohiyo.

Daktari akachukua bisibisi. Mama Usafi, aproni ingali kiunoni, akaja kumshikia ngazi.

"Mwanangu, kifaa hiki cha juu kinaitwaje, nisije nikakosea tena?"

"Kiite unavyopenda, mama."