Jua la Ukurasa wa Kumi na Tisa

Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, mchoraji alikuwa akichonga penseli juu ya gazeti la juzi pini nne zilipotoka kwenye kikopo chake, zikavuka meza na kwenda kunata kwenye jua. Alizibandua, akazirudisha. Zikatoka tena. Akaziacha.

Jua hilo lilikuwa la kitabu cha sayansi cha shule, na alikuwa amelitolea jasho wiki tisa. Upande mmoja alilikata kama mtu anavyokata chungwa, watoto waone kiini, kisha tabaka zito ambamo mwanga huhangaika maelfu ya miaka ukitafuta mlango, kisha tabaka linalotokota kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Upande wa pili aliweka madoa meusi, mawili mawili kama mtu na mkewe waliogombana: moja ncha ya kaskazini, mwenzake ncha ya kusini, na juu yao matao ya moto yakitoka kwa huyu na kuzama kwa yule. Matao ndiyo yaliyomtesa. Nguvu ya sumaku haionekani. Anayeichora lazima aiamini, la sivyo mkono unadanganya.

Mhariri alipoinama kukagua, miwani yake ilimtoka usoni.

"Naona sumaku imekubali," alisema, akiibandua.

"Imekubali."

"Madoa yapunguze kidogo. Watoto watadhani jua linaumwa."

"Ndivyo lilivyo."

Kufikia Jumatano ofisi nzima ilikuwa imezoea. Chai ilikorogwa kwa vijiko vya mbao, na katibu muhtasi akafunga funguo zake kwenye mguu wa kiti.

Alhamisi, sanduku la bati lilitoka ofisini kwa mkurugenzi. Lilisukuma mlango wa kabati kutoka ndani, likashuka, likaburura tumbo ukumbini taratibu kama mgeni anayetafuta chumba. Katibu muhtasi aliinua miguu, likapita. Likapanda meza ya mchoraji, likagonga jua, kifuniko kikafunguka. Ndani mlikuwa na vipande vya karatasi vyembamba kama kidole, kila kimoja kimechomwa pini. Vilitoka bila haraka, vikajipanga juu ya matao, kutoka doa hadi doa.

Mchoraji alivisoma. Vilikuwa kingo za chini za michoro, zimekatwa kwa mkasi, na kila ukingo ulikuwa na saini na kijisehemu cha mchoro wake. Vichache vilikuwa vyake. Vingi vilikuwa vya shangazi yake.

Shangazi ndiye aliyemfundisha kushika penseli. Alichora katika chumba hichohicho miaka ishirini na miwili: moyo, sikio, panzi, mlima wa moto. Vitabu vyote vilitoka vimeandikwa "Michoro: Mkurugenzi", na kila alipouliza aliambiwa kwa upole kwamba alisahau kutia saini. Mwishowe akapewa barua: anayesahau hata jina lake, apumzike. Akaamini. Mwaka wa kumi na moja huu, hawashi jiko akiwa peke yake, wala havuki barabara bila kushikwa mkono.

Mkurugenzi alikuja kufuata sanduku lake.

"Hiyo ni mali ya ofisi."

"Na majina?"

"Jina moja linatosha kitabu kimoja. Tusiwachanganye wasomaji."

"Ulimwambia akili zimemruka."

"Nilimwambia apumzike."

Hasira ilimpanda mchoraji hadi masikio yakaziba. Akamgeukia mhariri, aliyekuwa amemfuata mkurugenzi. "Na wewe ulijua?"

Mhariri alifuta miwani. "Mimi nilikuwa nashika rula tu."

Mkurugenzi alibandua vipande vitatu, vikamponyoka na kurudi kwenye matao. Akaondoka na sanduku tupu.

Kesho yake mchoraji alimleta shangazi. Bibi huyo alisimama mbele ya jua muda mrefu, akifuata saini kwa kidole.

"Huyu panzi. Miguu yake ilinitoa machozi. Na huu moyo, tazama, nimetia saini mara mbili. Nilitaka niwe na hakika."

"Nisamehe, shangazi. Hata mimi niliamini."

"Tuliamini sote, mwanangu." Akagusa tena saini ya pili ya moyo. "Basi sikuwa nasahau."

Akachukua mkoba wake, akatoka, akavuka barabara peke yake, akamsubiri mpwa wake ng'ambo.

Mchoraji aliandika malalamiko, kurasa nne. Yalijibiwa na mkurugenzi, kwa kuwa malalamiko yote ya ofisi ile hujibiwa na mkurugenzi. Jibu lilikuwa mistari miwili, na mmoja ulikuwa salamu.

Kitabu kilitoka kwa wakati. Jua lilipigwa picha vipande vikiwa juu yake, navyo vikafutwa kwenye picha kimoja kimoja. Nakala za kwanza, zilizofungwa kwa pini, ziling'ang'aniana zikakataa kufunguka, hivyo zilizofuata zikashonwa kwa uzi. Walimu waliagizwa kukusanya bikari zote kabla ya ukurasa wa kumi na tisa. Ukurasa wa kwanza uliandikwa: "Michoro yote: Mkurugenzi."

Jua likashinda tuzo. Mkurugenzi alipanda jukwaani akavishwa medali ya chuma. Ikamtoka kifuani, ikaambaa hewani hadi kwenye kitabu kilichowekwa wazi mezani, ikatulia juu ya doa. Wakamvisha tena. Ikatoka tena. Mhariri, aliyekuwa safu ya mbele, akainama, akavua kamba ya kiatu chake, akapanda, akamfunga nayo mkurugenzi medali kifuani, mafundo mawili. Ukumbi ukapiga makofi.