Damu Katika Maji ya Moto

Damu haifuliwi kwa maji ya moto. Hilo nililijua tangu utotoni, na kwa miaka tisa niliyowafulia askari weusi wa kambi ile ya Texas sikuwahi kulisahau, ila Jumatatu ile moja. Mdogo wangu Absalomu, askari wa farasi, aliingia kibandani kwangu akitweta, akavua shati lake la kijivu lililolowa damu kifuani, nami kwa hofu nikalitosa moja kwa moja kwenye sufuria lililokuwa likitokota.

"Nimempiga mtu mjini, dada. Mzungu. Alinitolea bastola."

"Amekufa?"

"Sijui. Nimemwacha chini."

"Wamekuona sura?"

"Sare ndiyo waliyoiona. Sura gani? Kwao sisi wote ni mtu mmoja."

Nikampa shati jingine, nikamsukuma nje akapange mstari na wenzake. Nilipolichota lile la kijivu kwa upawa, doa lilikuwa limeiva. Lilikaa kifuani, la kahawia, upana wa kiganja. Nililisugua kwa sabuni hadi vidole vikachubuka. Halikusogea.

"Permelia!" Kezia, dobi mwenzangu, aliniita kutoka kwenye kamba za nguo. "Sherifu yuko langoni na watu wake! Wanakagua kila shati na kila ukucha!"

Kulificha nisingeweza. Kila shati lilikuwa na namba ya mwenyewe kwenye ukosi, na orodha ilikuwa kwa sajini. Kisha nikaziona pasi zangu tatu za chuma zimekaa juu ya jiko, nyekundu kwa chini. Nikachukua ile nzito kuliko zote, nikaiweka juu ya doa, nikaiacha. Maji yakalia chiii, mvuke ukapanda, halafu moshi, na harufu ya nywele zinazoungua ikajaa kibanda.

Sherifu aliingia akiziba pua. Nyuma yake alisimama kapteni wetu, kofia mkononi.

"Hili limekuwaje?" Sherifu alipitisha kidole kwenye tundu, kikatokea upande wa pili.

"Nimeliunguza, bwana."

"Na haya?" Akapapasa mashati kumi na moja niliyoyapiga pasi Jumamosi, mikunjo imenyooka kama uzi.

"Huyu ndiye dobi wangu bora," kapteni akasema, tena kwa majivuno, masikini. "Miaka tisa hajaniunguzia hata leso."

Nilisikia nzi akitambaa kwenye sabuni.

"Leo nina homa, bwana," nikasema. "Mikono inatetemeka."

"Basi tuione ikitetemeka." Sherifu akachovya mkono kapuni, akatoa shati jeupe la kapteni la Jumapili, lenye marinda madogo madogo kifuani ambayo mkewe alikuwa ameyashona kwa mkono kabla hajazikwa. Akalitandika ubaoni. "Lipige pasi hili."

Nikamtazama kapteni. Alikuwa amefungua kinywa. Nje, kwenye uwanja wa gwaride, sajini alikuwa akiita majina, na kila mmoja aliitika kwa sauti ileile kavu. Jina la Absalomu lilikuwa bado.

Likinyooka, uongo wangu ungekwisha. Nikachukua pasi ya pili. Nililijua shati lile kuliko nilivyoyajua mashati ya marehemu mume wangu. Nilijua ni rinda lipi linapinda na lipi linataka ukungu wa maji. Nikaiteremsha pasi juu ya yale marinda, nikaiacha.

Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo. Nikaogopa sherifu asiutazame, nikautikisa makusudi.

Kitambaa kikageuka manjano kuzunguka chuma, kisha kahawia.

"Permelia," kapteni akasema polepole.

Sikuiinua pasi.

"Permelia!"

Moshi ulipofika machoni, sherifu alikohoa, akatema mate sakafuni pangu palipopigwa deki, akatoka. Kapteni hakumfuata. Alisimama akitazama ubao, kisha namba kwenye ukosi wa shati la kijivu, kisha mimi, na kutoka uwanjani sauti ya mdogo wangu ikaitika, "Nipo!"

"Absalomu Greer," kapteni akasema, kana kwamba anajisomea mwenyewe. "Ni nduguyo, sivyo?"