Kiti cha Dirishani

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na kila mwaka akiwasimulia wanachuo wake hajitetei hata kidogo. Sasa ni mkufunzi mwenye mvi na miwani ya kamba. Siku ile alikuwa kijana mwembamba ndani ya koti la shemeji yake, mikono ya koti imemmeza hadi vidoleni, akifanya jaribio la pili la kufundisha. La kwanza alianguka puu. Akianguka na hili, chuo basi. Arudi nyumbani akawe kichekesho cha shangazi zake.

Anavyolikumbuka darasa lile! Harufu ya chaki na sakafu iliyonyunyiziwa maji asubuhi, dawati lenye mguu uliofungwa kamba, zile duara za karatasi alizokata mpaka vidole vikaota sugu. Nyuma kabisa alikaa mkufunzi wake, mama asiyecheka, ambaye wanachuo walimwita Wino Mwekundu.

Darasani mlikuwa na binti ambaye homa ilimwondolea usikivu angali mdogo. Kusema alisema vizuri, ila maneno ya watu aliyasoma midomoni. Siku zote alikaa pembeni, dirishani, mgongo ukutani. Kijana wetu alikuwa amekariri chuoni: asiyesikia akae mbele. Basi akamhamisha, akampachika pua na ubao, akajiona fundi.

Akauliza ipi kubwa, nusu au robo. Mmoja huko nyuma akajibu robo, kwa kuwa nne inazidi mbili, na darasa zima likavunjika mbavu. Binti akageuka, lakini wapi, kafika shereheni sahani zinaoshwa. Mwingine akaeleza kosa liko wapi; hilo nalo likampita. Alipoulizwa yeye, akabaki kumkodolea mwalimu macho. Huyu mzito, kijana akajisemea.

Binti akabeba mkoba wake, akarudi dirishani. Kijana akamleta mbele. Akarudi tena. Aliporudi mara ya tatu, kule nyuma kalamu ikaanza kukwaruza karatasi. Jasho likaloanisha koti la watu.

Ripoti ya jaribio lile anayo mpaka leo, imegeuka rangi ya chai. Wino Mwekundu aliandika maneno ya yule binti kama yalivyotoka, kisha chini yake: “Apite. Aliambiwa, akanyamaza, akageuza madawati yote yatazamane.”

Lakini kabla ya kunyamaza, alibisha kwanza, ndiyo ada ya wajinga. Alimwinamia binti, midomo ionekane vizuri, sauti ya upole ya kumridhisha mama wa nyuma.

“Mdogo wangu, mimi nakutakia mema. Huku pembeni utajifunza nini, na mwalimu yuko kule mbele?”

Binti alimtazama kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu.

“Kule mbele nakuona wewe tu, mwalimu. Na wewe kazi yako kuuliza. Majibu yote yananipita mgongoni.”