Pipa la Sajenti

Mlangoni mwa ghala la silaha la kituo kulikuwa na pipa la mchanga, na aliyelitawala ni sajenti mmoja, mama mnene, mpole wa sauti, ila kwa ubishi hana mpinzani. Askari walimwita Bibi Pipa, akishawapa kisogo bila shaka. Kila anayerudisha silaha sharti aelekeze mtutu mchangani, atoe magazini ya risasi, akoki, achungulie chemba inamokaa risasi, kisha aingize kidole cha mwisho apapase. Ukimwambia, "Tupu hiyo, Mama," anakujibu, "Mdomo wako umeanza lini kutoa risasi?"

Aliyekutwa na risasi pale pipani aliandikwa kwenye daftari la makosa. Kesho yake, kwenye paredi ya asubuhi, jina lake lilisomwa, naye akapiga hatua moja mbele wenzake wakimtazama. Konstebo, binti aliyekuwa msaidizi wa sajenti ghalani, alishasoma majina ya makoplo, ya mainspekta, hata la mkuu wa kituo. La sajenti halikuwamo. Miaka thelathini na moja, halikuwamo! Konstebo alimstaajabia mpaka akajionea aibu. Alimtazama akifungua bastola juu ya kitambaa cheupe, akipitisha brashi yenye mafuta, akirudisha vipande bila hata kuviangalia huku akisimulia vituko vya wajukuu, na yeye konstebo akajikuta amesahau kupumua.

Siku ya sajenti kustaafu walimpigia saluti uwanjani, wakamkumbatia mmoja mmoja, akalia, akacheka, akalia tena. Kisha akaja dirishani kwa konstebo kurudisha bastola yake, kundi zima nyuma yake, mkuu wa kituo akitazama saa kwa sababu keki ilikuwa imeshakatwa.

"Nimeshazitoa risasi zote kule uwanjani," alisema sajenti, magazini mkono mmoja, risasi moja kiganjani. "Pokea, mwanangu."

Akailaza bastola juu ya kaunta. Mtutu ulielekea tumboni kwa konstebo.

Konstebo alinyoosha mkono, mkono ukagoma. Amkague huyu? Huyu aliyemfundisha hata jinsi ya kushika kitambaa? Lakini maneno yote aliyofundishwa yalikuwa ya mama huyuhuyu.

"Pipani, Mama," alisema.

Watu wakaangua kicheko. Sajenti hakucheka. Aliichukua bastola, akatoka hadi kwenye pipa, akaelekeza mtutu mchangani, akakoki.

Risasi ikaruka, ikagonga sakafu, ikabingirika mpaka kwenye kiatu cha mkuu wa kituo.

Konstebo alikitazama kile kidude cha shaba, kidogo kuliko kidole chake, akashika tumbo. Mwili ulimsisimka kwa hofu, na kwa kitu kingine kikubwa kuliko hofu, maana hata mikono ile ilikuwa imekosea.

"Kule uwanjani nilikoki kwanza," sajenti alisema taratibu. "Ya kwanza ikatoka, ya pili ikapanda chemba. Ndipo nikatoa magazini, ile ya pili ikabaki ndani. Kosa la kuruta wa wiki ya kwanza." Akageuka. "Daftari."

"Mama..."

"Andika."

"Yaishe, Sajenti," mkuu wa kituo aliingilia. "Leo ni siku yako."

"Afande, kwa heshima yote, ghalani hakuna leo ya mtu."

Konstebo akaandika. Sajenti alisoma, akasahihisha saa iliyoandikwa, akatia saini. Ndipo akafungua mkanda, akachomoa funguo za ghala, akazifumbatisha kwenye kiganja cha binti yule.

Asubuhi iliyofuata konstebo alisimama mbele ya paredi na daftari. Jina lilikuwa moja tu. Alifikiria kuliruka, kwani mwenyewe si askari tena, nani angejua? Akalisoma, kwa sauti kamili.

"Nipo!"

Sauti ilitoka mwisho wa mstari wa nyuma. Alikuwa amevaa gauni la nyumbani na kandambili, mgongo umenyooka, mikono ubavuni. Mbele ya kituo kizima, sajenti akapiga hatua moja mbele.