Ufa katika Sura ya Kumi na Moja

Nilipofika ndivani, kwenye bwawa letu la kijiji, Jumamosi ile, watu kama thelathini walikuwa wamesimama juu ya ukuta na majembe mikononi. Baba yangu, mzee Aminieli, alikuwa peke yake mbele ya tundu la kutolea maji, ameshika gongo la kuzibia kwa mikono miwili. Hakuna aliyekuwa amemgusa. Lakini Sadock, mwenyekiti wa kamati ya maji, alikuwa ameshavua koti, na Sadock akivua koti hana mzaha.

"Mwalimu huyo amefika," alisema. "Atuambie mwenyewe."

Na balaa lote lile nililileta mimi, kwa simu yangu, kutoka kwenye chumba changu cha kupanga kule Same mjini.

Nafundisha fizikia. Nikishasahihisha madaftari naandika hadithi za kisayansi, na kila Jumapili naweka sura moja kwenye kundi la WhatsApp la watu wa kwetu Mhezi. Hadithi yenyewe ilikuwa ya mwaka 2090. Wanakijiji wamekabidhi ndiva yao kwa mashine, ndiva hii hii yetu, bwawa la udongo na mawe linalokusanya maji ya chemchemi ili yafunguliwe kwa zamu kwenda mashambani. Mashine inahesabu kila tone na kumpa kila mtu maji kadiri inavyomthamini. Katika sura ya kumi na moja, mwezi wa Mei, ukuta unabomoka na maji yanaondoka na nyumba zilizo chini yake.

Ingeishia hapo nisingekuwa na la kusimulia. Tatizo ni kwamba katika sura ya tatu niliandika habari za kindege kisicho na rubani kinachopiga picha mashamba, na mwezi mmoja baadaye wapima ardhi wakaja na droni. Katika sura ya sita niliandika mita ya maji inayotuma taarifa kwenye simu, na wakaja watu na mita. Kundi likaanza kuniita nabii. Mtu mwenye akili angekanusha. Mimi kichwa kikavimba, nikaandika, "Tusubiri tuone." Wakasubiri. Mei ikaingia, na asubuhi hiyo wakaenda kufungua ndiva yote wakaimwage kabla haijawamwaga wao.

"Ni hadithi tu, jamani!" nilisema. Nilikuwa nahema, maana bodaboda iliniacha chini kabisa kwenye kona. "Nimeitunga. Masika yamekatika, maharage yako kwenye maua, na chemchemi imedhoofika. Mkimwaga maji haya, ndiva kujaa tena ni siku tisa. Mtavuna nini?"

"Maharage tutanunua," alisema Sadock. "Watu hawanunuliwi. Wewe ndiye uliyeandika."

"Sikilizeni. Sisi tunaoandika hadithi hizi tuna mambo yetu yale yale. Mashine inayomgeuka aliyeiunda. Mtu anayesafiri kurudi zamani. Wageni kutoka kwenye nyota. Dunia inayoangamia. Wakubwa wa kazi hii huko Ulaya waliandika safari ya kwenda mwezini wakati wenzao bado wanapanda farasi. Hawakuoteshwa. Walisoma sayansi ya siku zao, wakakisia."

"Na huko mwezini watu walifika, hawakufika?"

"Walifika."

"Haya." Sadock akawageukia wenzake. "Mmesikia."

Wengine walicheka, na mimi nilitamani kumzaba kibao. Miaka kumi nafundisha, na darasa langu lote la siku ile ameninyang'anya mtu aliyeishia la saba.

Ndipo baba alipozungumza. Hakupandisha sauti.

"Nyumba ya kwanza chini ya ukuta huu ni ya nani?" aliuliza. "Ni ya Victoria, mke wa marehemu mwanangu. Wajukuu zangu watatu wanalala mle. Babu yangu alitunza ndiva hii, baba yangu akaitunza, na mimi nina miaka arobaini nafungua na kufunga tundu hili. Ningekuwa na wasiwasi, ningewaacha wale watoto pale?"

Nikaona majembe yanashushwa chini moja moja. Mama mmoja akasema mzee Aminieli hajawahi kusema uongo, na wenzake wakaitikia. Sadock mwenyewe alilitazama koti lake. Nilishusha pumzi. Mambo yalikuwa yamekwisha, na baba alikuwa ameshinda.

Victoria akaja akasimama mbele yangu. Alikuwa amembeba mtoto wake mdogo mgongoni.

"Wifi," alisema, "mimi sijui habari za mwezini. Nataka kujua kitu kimoja. Umeandika kwamba kulikuwa na ufa unaoanzia kwenye mzizi wa mkuyu, upande wa ndani, na mtu aliusiliba kwa udongo mwekundu uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe ili usionekane. Hilo nalo ulilisoma kwenye sayansi?"

Nilifungua mdomo kumjibu kwamba hilo nalo nililibuni. Naapa, mpaka dakika ile niliamini hivyo. Kisha nikaona ndoo. Ndoo ya bluu isiyo na mshikio, imejaa udongo mwekundu, na mikono iliyoikumbatia ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka tisa au kumi. Baba alikuwa amepiga magoti penye ule mzizi, anasiliba kwa kiganja, na aliponigeukia aliniambia nisimwambie mtu, hata mama.

Nilimtazama baba. Alikuwa anatazama maji.

Nikamsogelea, nikamuuliza kwa Kipare, polepole, "Baba, ule ufa upo?"

"Niliuziba."

"Mara moja?"

"Kila mwaka," alisema. "Kabla ya siku ya kamati kusafisha. Nasiliba vizuri, mama. Unashika."

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Wangeleta saruji na fundi na kufuli. Ufunguo ungekaa ofisini. Mimi ningekuwa nani hapa?"

Nitasema ukweli wangu: nilitaka kumlinda. Niliwaza nimwambie Victoria ni hadithi tu, kisha nimvute pembeni, nisingizie lolote, alale kwetu mpaka ndiva itakapopungua kwa zamu. Lakini chini ya nyumba yake kulikuwa na ya Tumainieli, na chini ya hiyo nyingine mbili. Ningewavuta pembeni wangapi? Na nilikuwa nimekasirika. Nilimkasirikia mzee wangu kwa kuwataja wale watoto mbele ya watu kama ushahidi, na zaidi kwa sababu alikuwa anasema kweli. Hakuwa na wasiwasi. Aliuamini udongo wake kama wale watu wa kwenye hadithi yangu walivyoiamini mashine yao.

"Wifi, ufa sikuubuni," nilisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya darasani, wote wasikie. "Nilimbebea baba udongo nikiwa mtoto. Nilisahau. Njooni muone."

Nikashuka upande wa ndani, maji yakanifika magotini. Udongo penye mzizi ulikuwa laini, umesilibwa hivi karibuni. Niliukwangua kwa kucha. Ukatoka kipande, kikatoka kingine, kikaporomoka kibamba kizima. Niliingiza kidole. Kisha nikaingiza mkono, ukazama mpaka kiwikoni, na huko ndani nikahisi maji yakipita taratibu kuelekea upande wa nje, kule kwenye mabati ya Victoria.

Victoria aliondoka akikimbia, na wenye nyumba za chini wakamfuata. Sadock alinyoosha mkono kulichukua gongo, lakini baba hakumpa. Alilichomoa mwenyewe. Maji yakatoka kwa kishindo, yakaujaza mfereji, yakafurika pembeni na kulaza maharage ya karibu, na yeye akabaki pale akiyatazama hadi yalipopungua.

Baadaye watu walianza kutawanyika. Njia ni moja, inapita pale pale alipokuwa amesimama. Nilikaa juu ya ukuta, suruali imelowa, nikawatazama wakimpita. Watu wa kwetu hawampiti mzee bila salamu, hata akiwa amelala. Anold, ambaye baba alimfundisha kusoma kwenye shule ya Jumapili, alipita akiangalia miguu yake. Wakafuata wawili, wakafuata watano. Hakuna aliyesema neno. Nikaona siwezi kuendelea kukaa.

Nikashuka, nikasimama mbele yake, na kwa makusudi nikapaza sauti ili wale waliokuwa njiani wasikie.

"Shikamoo, baba."

Nikangoja. Nikasema tena, kwa sauti zaidi, huenda maji yalimzuia asisikie.

Alikuwa amesikia.