Kanda ya Saba ya Ndevu

Aliyetengeneza kanda ya saba hajawahi kumpiga mtu mikono. Nasema hivyo kwa hasira, na mwenye kubisha aje anibishie mimi. Kwenye kanda ile Ndevu anasimama nyuma ya mashua, meli ya maharamia inaungua kule mbali, na wanaume wanne wameng'ang'ania ubao wa mashua yake. Anageuza kasia na kuwapiga vidole kwa mpini, mmoja baada ya mwingine. Kila anayepigwa anaachia, anazama kimya. Muziki unapanda. Banda zima la video la Mudathir linapiga makofi.

Uongo mtupu. Mtu anayezama ukimpiga mkono haachii. Anabadilisha mkono.

Jina halisi la mchezo ule hatukulijua. Kanda zilifika Ujiji kumi na nne, hazina kasha wala maandishi, picha zimechakaa. Stelingi, yule shujaa wake, tukamwita Ndevu kwa zile ndevu zake, na mchezo wenyewe tukauita hivyo hivyo. Mudathir alizionyesha kila Jumamosi mchana kwenye banda lake nyuma ya soko, jenereta ikinguruma nje. Mimi nina mtumbwi wa mashine pale mwalo wa Katonga, nabeba mizigo na abiria, lakini Jumamosi mchana hakuna aliyenipata. Nilijua nani anachomwa kisu kwenye kanda ipi, na nani anarushwa kutoka mlingotini.

Mwenzangu alikuwa Feliksi, Mbembe wa upande wa Zaire, kijiji kimoja karibu na Baraka. Alileta mawese akarudi na chumvi na sabuni, na akiwa huku alilala kwangu. Juu ya kanda ya saba tulibishana miaka miwili.

"Telesphory, huyu muntu wenu hana akili," alikuwa akisema. "Kamba iko pale, kando ya pipa. Angeitupa nyuma, bashike, abakokote mpaka ng'ambo. Mashua haizame, na bantu habakufe."

"Ni majambazi wale."

"Batatu. Wa ine ni ule mpishi alimupa maji kule gerezani. Angalia uso wake muzuri."

Kweli, ukitazama vizuri ni yule mpishi. Nilimjua tangu siku ya kwanza, ila sikutaka kushindwa. Nikashikilia kwamba stelingi hakosei, na kwamba akianza kuhurumia kila mtu basi kanda iishie hapo. Watu walituita mahakimu wa Ndevu.

Kisha vita vikaingia Zaire, mwaka tisini na sita, na mitumbwi ikaanza kufika kila siku imejaa watu. Brigita, mke wa Feliksi, alifika na watoto wawili, nikawapa chumba. Feliksi alibaki nyuma kumtafuta mama yake. Siku ya tisa Brigita aliniambia, "Shemeji, wewe una mashine. Nenda uniletee mume wangu." Nikaenda.

Nilifika jua limeshachomoza. Ufukwe haukuonekana kwa wingi wa watu, na risasi zilikuwa zinalia migombani. Bibi mmoja aliyebeba sufuria kichwani alipigwa, akakaa chini kama anayepumzika, hakuinuka tena. Feliksi nilimwona, maji yako kifuani, anapokea watoto wa watu asiowajua na kuwapakia kwenye mtumbwi wangu. "Mama hayuko tena," aliniambia, akanipa mtoto mwingine.

Mtumbwi wangu unabeba watu ishirini. Walikuwa wameshapanda arobaini, na ubao umebakiza kiganja kimoja juu ya maji. Hapo wenye silaha wakatokeza mchangani. Wakaanza na wale wa nyuma, kwa mapanga, bila haraka. Waliobaki wakajirusha majini wakatuvamia. Mtumbwi ukalala upande, maji yakaingia, wanawake wakapiga kelele kwamba tunazama. Nikachukua upondo, ule mti wa kusukumia mtumbwi.

Kidole kikivunjika hukisikii kwa masikio. Unakisikia kwenye mti ulioushika. Nilimpiga mtu mkono wa kulia akashika kwa wa kushoto. Nikaupiga wa kushoto akarudisha ule ule uliovunjika. Mmoja nilimvunja yote miwili, akauma ubao kwa meno, ikabidi nimpige mdomoni. Sikutazama nyuso. Nilikuwa napiga tu, upande huu, upande ule, na damu ikatapakaa kwenye ubao ukawa unateleza.

Nikageukia nyuma, kwenye mashine. Palikuwa na mkono. Niliupiga kabla ya kuutazama.

"Telesphory," Feliksi akasema. "Kamba. Tupa kamba."

Hakupaza sauti. Aliongea vile vile alivyokuwa akiongea bandani. Kamba ya nanga ilikuwa miguuni kwangu, nimeikanyaga. Kuinama, kuiokota na kuitupa ni kazi ya kufumba na kufumbua, na wangeishika wanane, pengine kumi. Niliogopa. Sina neno zuri kuliko hilo. Nikampiga tena, akabadilisha mkono. Nikampiga wa kushoto, akarudisha wa kulia. Kisha nikampiga kichwani, nikavuta mashine, na propela ilipoanza kuzunguka alikuwa bado hapo.

Watu arobaini walishuka Katonga wazima, wakanibusu mikono. Brigita alipita akitazama uso mmoja mmoja mpaka wa mwisho.

"Sikumwona, shemeji," nikamwambia. "Watu walikuwa wengi mno."

Miezi miwili alipokea kila mtumbwi uliofika. Majirani walinisifu kwa kumtunza mke wa rafiki yangu na watoto wake. Waliposema waweke matanga alikataa. Kwao, bila maiti, lazima apatikane mtu aliyemwona akifa. Pasipo huyo mke si mjane, halii, hanyoi nywele, anasubiri. Mtu huyo alikuwepo, alikuwa anakula ugali wake kila siku, amenyamaza.

Jumamosi moja akaniambia, "Shemeji, unipeleke nione ile kanda ya saba. Feliksi alinisimulia mpaka nikawa nalala."

Nilisema jenereta ni mbovu. Nilisema banda si mahali pa wanawake. Alikwishajifunga kitenge kichwani, tukaenda.

Banda lilijaa, na nusu yao walikuwa wamevuka ziwa mwaka ule ule. Ndevu alipogeuza kasia walisimama. "Wapige! Wapige!" Brigita alinyoosha kidole kuelekea kwenye televisheni.

"Kamba ile," akasema. "Kando ya pipa. Alisema kweli."

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Na mimi nilikuwa nayo, shemeji. Nilikuwa nimeikanyaga. Aliniomba kamba nikampiga."

Hakulia. Alitazama mbele mpaka yule mpishi alipozama na makofi yakaisha.

"Alishika kwa mkono gani?"

"Wa kulia. Nilipoupiga akashika kwa wa kushoto."

"Ulimpiga mara ngapi?"

"Nne. Ya mwisho kichwani. Halafu nikawasha mashine."

Akafungua kitenge kichwani, akakikunjua, akajifunga kiunoni kwa fundo la wafiwa. Nikadhani atatoka. Akamgeukia Mudathir aliyekaa kando ya deki yake ya video.

"Baba, rudisha pale kwenye mashua."

Mudathir alinitazama, akarudisha. Watu walifurahi. Brigita aliipa televisheni mgongo, akakaa kunielekea, magoti yake yakigusa yangu.

"Mimi sitazami," akasema. "Tazama wewe. Kila anapopiga, uniambie kwa Feliksi ilikuwaje."

Ndevu akainua kasia, watu wakaanza kushangilia, nikaanza kumwambia.