Alama za Risper Ukutani

Dinah, binti wa kikundi cha kuhesabu ndege pale Malava, alifika kwa mzee Osundwa asubuhi, daftari kwapani. Alitaka tarehe alizoandika marehemu Risper, mke wa mzee. Kila mwaka, siku korongo weupe walipotua shambani kutoka Ulaya, mama huyo aliandika tarehe kwa makaa kwenye ukuta wa nje wa jikoni, kando ya mlango. Miaka kumi na miwili, hakuruka hata mmoja.

Osundwa alimwonyesha ukuta. Ulikuwa umesiribwa upya, udongo mtupu.

"Ni chifu," alisema kabla hajaulizwa. "Alileta watu wake, ati kuna mkubwa anapita barabarani, nyumba zing'are. Hawa wakubwa ndio wametumaliza, binti yangu. Hata mbolea ya serikali wanakulanga wao."

Dinah aliugusa ukuta. Alama za viganja vipana zilipanda mpaka chini ya bati.

"Wee Osundwa!" Mama Philip, jirani, alikuwa akianika maharagwe ng'ambo ya ua. "Chifu gani? Si nilikuona Jumamosi, umekunja suruali, unasiriba kama mke mpya? Nikasema leo dunia imekwisha, mwanaume na kinyesi cha ng'ombe!" Akacheka mpaka akashika kiuno.

Masikio ya Osundwa yaliwaka moto. Alitazama miguu yake.

"Tarehe ya mwisho ilikuwa chini," alisema hatimaye.

"Chini wapi, baba?"

Aliinama, akagusa ukuta usawa wa goti. "Hapa. Mwaka jana alikuwa hawezi kusimama. Aliniomba nimbebe nje awaone ndege wake. Nikamwambia angoje, naenda baraza kumpasulia chifu ukweli juu ya mbolea. Kurudi, nikamkuta ameketi hapa, makaa mkononi. Alijikokota peke yake." Akaondoa mkono ukutani. "Sasa kila nikiingia kupika, hiyo alama inaniangalia. Nikaifunika. Zingine zikaenda nayo."

Mama Philip alikuwa ameacha kucheka.

"Unazikumbuka tarehe, baba?" Dinah aliuliza polepole.

"Hiyo moja. Kumi na saba Oktoba." Akainuka. "Zile zingine sikuwahi kuzisoma. Nilikuwa naona ni mchezo wa wanawake."

Dinah alifungua daftari, akashusha kalamu hadi mstari wa kumi na mbili, akaandika kumi na saba Oktoba. Mistari kumi na mmoja juu yake, ya ile miaka mingine, ilibaki wazi, na Osundwa alikuwa amemwona akiiruka, mmoja mmoja.